Kenchi za Muslimo

Mwaka ule wa tisini na saba, katika Garissa nzima hakukuwa na mtu aliyetamani paa kama Muslimo. Ukame ulikuwa umemmalizia ng'ombe kule Ijara, akaja kukaa Galbet kwa wifi yake Kaaha. Kaaha alikuwa mkarimu wa chakula, na mkarimu zaidi wa maneno. Hakumpa kikombe cha chai bila kumuuliza nyumba imefika wapi. Muslimo akaapa wallahi kwamba mvua za vuli zitamkuta chini ya mabati yake mwenyewe. Kuta zilishasimama. Zilibaki kenchi tu za kubeba hayo mabati.

Lori la mbao lilipofika kutoka bara, alikwaruza kila ubao kwa ukucha, akachagua zile zilizotoa maji. Zile kavu alizisukuma kando kama nyama iliyolala. Msimlaumu. Tangu usichana alikuwa mjenzi wa herio, zile nyumba za fito na mikeka zinazohamishwa na ngamia, na fito kavu hazipindiki. Zinakuvunjikia mkononi mbele ya wageni wa harusi.

Billow, fundi wake, alipoinua ubao mmoja alidhani amebeba ndama. Akashauri zikaushwe kwanza, hata kama mvua itawatangulia. Muslimo akamjibu kwamba nusu ya mabinti wa Ijara wameolewa ndani ya fito mbichi alizozikunja yeye, na hakuna aliyerudi kulalamika.

"Eedo," Billow alisema, kwa heshima anayopewa shangazi, "fito zako unataka zipinde. Hizi mimi nataka zisipinde."

"Funga moja nione."

Akafunga kenchi moja, akailaza kwenye jua la Garissa, jua lisilo na adabu hata kwa mawe. Wiki haikuisha. Mbao zilinywea, kenchi ikajikunja kama mtu anayeumwa tumbo, misumari ikalegea. Muslimo akachomoa mmoja kwa vidole vyake, akautazama. Kisha akacheka, cheko la mtu aliyeibiwa mchana na mwizi amemwamkia.

"Na mimi ningekuwa nimelala chini yake," alisema. "Haya, nifundishe kukausha."

Wakazipanga kivulini, safu juu ya safu, vijiti katikati ili upepo upite, mawe mazito juu ili zisijikunje. Kila asubuhi Muslimo alikwenda kuzikwaruza, sasa akiutafuta ukavu aliokuwa akiukimbia.

Mvua haikumngoja. Wingu jeusi lilipopanda upande wa Tana, Billow alikuja mbio, naye moyo umemlegea. Akasema labda wazipige misumari hivyo hivyo mbichi, mafundi wengine wanafanya. Muslimo akamwambia aache maneno ashike fito. Akaitoa mikeka yake ya herio, iliyotosha nyumba moja tu, akajenga herio juu ya mbao. Ndani hapakubaki nafasi hata ya paka. Mwenyewe akaloa mpaka mifupani.

Kaaha alimfungulia mlango, akamwangalia kuanzia shungi hadi ndara, akauliza kama siku hizi mbao ndizo zinazohamia nyumba mpya.

"Zimehamia," Muslimo alisema, akikamua shungi lake pale pale mlangoni. "Mimi niko kwako mpaka zikauke. Injika chai, wifi, na maswali yako uyatumie kidogo kidogo yakutoshe, maana nitakaa."