Kibofu Chenye Masikio

Farasi sita walikimbia, na wote sita wakakutwa na dawa ya maumivu kwenye mkojo. Mkemia aliweza kuamini kwamba mshindi kanyweshwa. Hata wa pili, haya. Lakini yule wa mwisho, aliyesimama katikati ya mbio akala majani, nani angepoteza dawa yake kumpa?

Akarudia kipimo. Mashine yake huupitisha mkojo kwenye mrija mwembamba, na kila kilichomo hutoka kwa zamu yake na kuchora kilima kwenye kioo. Alipitisha maji matupu: tambarare. Akapitisha mkojo wa farasi wa shambani, asiyewahi kushindana na yeyote: tambarare. Akawarudia wale sita: kilima kidogo, kila mmoja na chake. Tena kilima cha dawa ya watu, ileile anayoinunua yeye mwenyewe kwa ajili ya goti la baba yake.

Hapo akaizima mashine. Baba yake ndiye mpiga mluzi wa zizi la vipimo. Farasi ana aibu zake. Hakojoi mbele ya mtu mwenye chupa mpaka apigiwe mluzi mwororo, na kwa mluzi huo mzee hakuwa na mpinzani. Tangu afiwe na mkewe, kazi hiyo ndiyo pekee iliyomtoa kitandani.

Akamfuata zizini.

"Baba, farasi hawa umewapa nini?"

"Mluzi tu, mwanangu. Nawazoeza tangu siku ya kuamkia mbio."

"Na wewe?"

Mzee akatazama kwato za farasi aliyekuwa karibu. "Mimi nimepiga mluzi miaka mingi. Kibofu changu nacho kina masikio."

"Kwa hiyo unakwenda chooni."

"Na goti hili? Mpaka nifike, farasi si keshamaliza? Najisaidia pale konani, kwenye nyasi."

"Na farasi?"

"Huzitafuna. Wanapenda chumvichumvi."

Mkemia akakaa juu ya ndoo. Akinyamaza, farasi sita wasio na hatia watafungiwa. Akisema, atakuwa amemrudisha baba yake nyumbani kukodolea ukuta macho. Akalia kidogo, kisha akamkabidhi mzee chupa.

Kilima kilikuwa kilekile, ila cha mzee kilifika darini.

Mbele ya kamati alieleza yote, uso ukimwaka. Mjumbe mmoja akauliza mzee alishika nafasi ya ngapi. Mwingine akataka kujua kama amepigwa misumari ya kwato. Mwenyekiti akafunua sheria huku na huku, akahema. Sheria zote zilikuwa za farasi.

"Basi ahukumiwe kwa zilizopo," akasema. "Anafungiwa kukimbia msimu mzima. Zizini abaki, lakini asiguse dawa ya maumivu, na apimwe kila Jumatatu. Ikionekana tena, aondolewe zizini moja kwa moja."

Mzee alitoka akichechemea kwa furaha. "Umeona? Wameniacha na kazi yangu!"

"Baba, goti je?"

"Goti lina nini? Kwani nakimbia?"

Jumatatu ya kwanza alileta chupa yake mwenyewe, akaiweka mezani kwa madaha, akaketi polepole kwa kushikilia ukingo wa meza.

"Umelalaje, baba?"

"Kama gogo."

Mkemia akaupitisha mkojo kwenye mrija. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akiomba vilima visitokee. Leo alisimama mbele ya kioo, ameuma kidole, akiomba kitokee hata kichuguu, kimoja tu, cha kumwonyesha kwamba baba yake alidanganya sheria akapata walau usiku mmoja wa usingizi.

Mstari ulipita tambarare mpaka mwisho.

"Safi?" mzee akauliza.

"Safi, baba," akasema, akamshika mkono ainuke.