Pipa Lisilojazwa

Kwetu Jura, milimani mashariki mwa Ufaransa, kuna pipa ambalo halijazwi. Nianze hapo, maana asiyejua hilo hataelewa kwa nini nilimfokea mkwe wangu siku moja tu baada ya mjukuu wangu wa kwanza kuzaliwa.

Kila mahali penye mizabibu, pipa likipungua linaongezwa. Mbao zinakunywa divai kidogo kidogo, pengo linabaki juu, hewa inaingia, na ukizembea unapata siki. Mtoto wa mkulima analijua hilo kabla hajajua kufunga viatu. Sisi nasi tunalijua. Lakini tuna zabibu inayoitwa Savagnin, ngumu, kali, ya mwisho kuiva, ambayo watu wa mijini hawaijui hata kwa jina, na divai yake tunaiacha. Tunaitia kwenye pipa, tunaziba, tunaondoka. Inakaa miaka sita na ziada. Inapungua, na juu yake unaota utando mwembamba wa kijivu, kama ule wa maziwa yaliyochemshwa yakapoa. Utando huo ndio mlinzi. Ukiwa mzima, divai iliyo chini yake inageuka rangi ya dhahabu na kunukia kokwa za jozi na bizari. Ukizama, una pipa la siki, na miaka yako imekwenda na maji.

Binti yangu Maëlle anaitengeneza Savagnin hiyo hiyo kwa namna nyingine. Yeye anaijaza kila wiki, inatoka nyepesi yenye harufu ya limau. Vijana wanaipenda. Tuligombana juu ya hilo mpaka tukachoka, kisha tukagawana nafasi. Mapipa yangu yako juu darini, yake matatu yako chini, kwenye ghala la mawe lililochimbwa chini ya nyumba. Ila moja langu limebaki huko chini katika mstari wake, kwenye kona, kwa sababu pipa lenye utando halisogezwi.

Hilo la kona aliliweka baba yangu. Mwaka ule umande uliganda juu ya machipukizi mwezi wa Aprili, na asubuhi bonde zima lilikuwa jeusi kama limeunguzwa. Kilichopona ni kipande chake cha chini ya mwamba. Alikivuna mwenyewe, kikapu mgongoni, watu wakimwambia apumzike na yeye akiwaambia waende zao. Likapatikana pipa moja dogo. Krismasi haikumkuta. Divai ile haikuwa ya kuuza. Ilikuwa ya nyumba, ya kunywewa na watu wa nyumba, na ilikuwa imebakiza mwaka mmoja tu.

Msimu huu wa jozi nilianguka kutoka mtini, mguu ukavunjika, wakanifunga plasta kutoka kwenye vidole mpaka pajani. Ngazi za ghala ni za mawe, nyembamba, zinazunguka kama konokono. Mwenye miguu miwili mizima anazishuka kwa adabu. Mimi nikapigwa marufuku. Maëlle akafanya kazi zote na tumbo lake mbele, mpaka uchungu ukamshika, tukampeleka hospitali.

Mumewe ni Thibaud, fundi paa, mtu wa kaskazini kabisa, karibu na bahari. Kijana mwema. Anaweza kutembea juu ya kigae chenye barafu akipiga mluzi. Divai alianza kuijua alipoanza kumjua binti yangu.

Asubuhi baada ya mtoto kuzaliwa alikuja kutoka hospitali pamoja na mke wangu Odile, macho mekundu, shati nje. Odile akaenda kuwapa kuku chakula. Thibaud akakaa jikoni nilipokuwa nakata soseji, mguu wangu juu ya kiti, akanieleza habari za mtoto: uzito wake, sauti yake, vidole vyake. Nikamsikiliza kwa furaha. Kisha akasema:

"Na kazi usiwe na wasiwasi nayo, baba. Maëlle alinikumbusha mapipa. Jana nilipita hapa mara moja nikayajaza. Yote manne."

Nikaweka kisu chini.

"Manne?"

"Yote. Lile la kona lilikuwa na kiu, mzee. Sijui mlilisahau vipi."

"Umetia kiasi gani?"

Akatazama kikombe chake cha kahawa. "Mtungi wote."

Mtungi wa kujazia ni wa kioo, mkubwa, unabebwa kwa mikono miwili. Mapipa ya Maëlle hayanywi zaidi ya glasi chache kwa wiki. Kama mtungi wote ulikwisha, basi ulikwishia kwenye pipa la baba, mpaka juu, na utando ulikuwa umesongwa chini ya kizibo kama shati kwenye ndoo.

Niliyomwambia hapo sitayaandika. Odile aliyasikia uani, akaingia na bakuli la mahindi mkononi.

"Baba Maëlle, mtoto ana siku moja. Kelele za nini?"

"Amelijaza pipa la baba."

Odile amezaliwa kijiji cha ng'ambo ya mto. Hakuhitaji kuelezwa. Alivuta kiti akakaa na bakuli lake mapajani.

"La kona?"

"La kona."

"Nimefanya nini?" Thibaud akauliza. "Mama, nimefanya nini?"

Odile akamweleza, taratibu, kama unavyomweleza mtu aliyefiwa. Nikamwona kijana anabadilika rangi.

"Maëlle alisema nijaze mapipa."

"Mapipa yake," nikasema.

"Hakusema yake."

"Hapa hakuna anayehitaji kuambiwa hilo. Hata paka wa jirani anajua."

"Na wewe ulimwambia lini?" Odile akanigeukia mimi. "Mwaka wa pili huu anakula mezani kwako. Ulimwonyesha hata mara moja?"

"Kitu kinachojulikana hakifundishwi."

"Kinajulikana kwa nani? Huyu kwao wanakunywa bia."

Nikachukua simu nimpigie Maëlle. Odile akaninyang'anya. "Hutamtibua mtoto wangu na maziwa ndiyo kwanza yanaanza kutoka." Nikachukua magongo yangu. Akasimama mlangoni. "Wala huko huendi. Ukianguka tena hawatakufunga plasta, watakufunga sanda."

"Basi nitakaa juu ya ngazi. Ashuke yeye."

Hapo akakubali. Wakanisaidia kuketi kwenye jiwe la kwanza la ngazi, mguu umenyooka mbele yangu kama gogo, baridi ya ghala ikinipanda usoni. Thibaud akashuka na tochi. Nikamsikia anajikwaa, anaomba radhi, sijui kwa nani.

"Umefika?"

"Nimefika."

"Ligonge. Anza chini, panda juu."

Ngumi ikalia mara moja, nzito, kama mtu anayetaka kuvunja mlango.

"Kwa kifundo cha kidole, wewe. Huliamshi, unabisha hodi."

Pipa halisemi uongo. Penye divai sauti inakuwa fupi, nzito. Penye hewa inakuwa na mwangwi. Mpaka kati ya sauti hizo mbili ndio uso wa divai, na mtu aliyekulia ghalani anausikia hata akiwa amefumba macho. Nilifumba. Sauti ya kwanza, nzito. Ya pili, nzito. Akapanda, nzito bado. Nilikuwa nalihesabu pipa lile kuwa maiti tayari, nafikiria nani ataniondolea, na nitamwaga wapi siki ya baba yangu.

Kisha ikaja nyingine. Yenye mwangwi.

"Rudia hapo hapo."

Akarudia. Mwangwi.

"Umegonga wapi?"

"Kiganja na kitu hivi chini ya kizibo."

"Shuka kidogo. Tena. Haya, panda."

Ile ile. Mpaka ulikuwa karibu pale pale nilipouacha kabla sijaanguka. Mtungi ule ungemiminwa humo, kusingebaki hata nafasi ya nzi.

"Thibaud."

"Naam, baba."

"Umesema ulitia mtungi wote."

Nikasikia viatu vyake vikikwaruza changarawe.

"Mtungi wote haukuingia humo. Umekwenda wapi?"

Odile nyuma yangu akaniinamia asikie vizuri.

"Tuliunywa," sauti ikasema kutoka chini.

"Nani na nani?"

"Mimi na Léonce." Léonce ni jirani yetu, mtu asiyepita mlango ulio wazi bila kuingia. "Aliona taa, akaja kunipongeza. Na shemeji yake. Na yule tarishi naye alikuwa anapita."

"Mkanywa divai ya kujazia."

"Tulianza na glasi moja ya mtoto. Halafu ya mama yake. Halafu Léonce akasema ni aibu kumsahau babu, tukanywa ya mguu wako upone."

"Ya mguu ilikuwa moja?"

"Daktari alisema umevunjika sehemu mbili, baba."

Nikasikia Odile anajiziba mdomo.

"Kwa nini ulisema uliutia wote?"

"Nilijua ni divai ya Maëlle. Niliona aibu. Sikujua kuwa kusema ukweli nikaaibika kungekuwa bora."

"Sasa nisikilize vizuri. Ndani ya pipa hilo uliingiza nini?"

"Kilichobaki. Tulipokumbuka kazi, nilianza na yale matatu. Hili lilipata mabaki tu, labda kiasi cha birika moja la kahawa. Nilikuwa nataka kuliongezea leo."

"Ulimimina?"

"Hapana. Kwa bomba la mpira. Mkono ulikuwa unatetemeka, nikaogopa kumwaga. Nikausukuma mpira mpaka ukagota chini, kama Maëlle anavyofanya, nikaacha ishuke yenyewe."

Nikavuta pumzi. Mpira mwembamba, mpaka chini, polepole. Lakini utando ni utando. Hata paka akiruka juu ya pipa unaweza kuzama.

"Fungua kizibo. Kizungushe, usikigonge. Mulika ndani, usiingize kitu. Niambie unaona nini."

Nilimsikia akihangaika na kizibo. Kisha nikasikia tone la maji likidondoka mahali fulani ukutani, na baada ya muda jingine. Sijawahi kumsubiri mtu aseme kama nilivyomsubiri kijana yule.

"Naona kama ngozi."

"Rangi gani?"

"Nyeupe inayokwenda kwenye kijivu. Ina mikunjo."

"Imechanika?"

"Ina tundu. Unene wa mpira."

"Moja?"

"Moja."

"Kingo za tundu zimezama au zinaelea?"

Akamulika tena. "Zinaelea. Nikipumua zinatikisika."

"Basi usipumue. Nusa."

"Nitanusaje bila kupumua?"

"Nusa, mjinga wewe."

Akanusa. "Jozi. Na kitu kama supu ya mama ya Jumapili."

"Si siki?"

"Si siki, mzee. Siki naijua. Kwetu tunaimwagia chipsi."

"Ziba. Taratibu. Panda juu."

Nilitaka kusimama nikashindwa. Si mguu wa plasta ulioshindwa, ni ule mzima. Odile alinishika kwapa akidhani nimepata kiharusi, akaniita jina langu, "Désiré, Désiré," ambalo halitumii ila mambo yakiharibika. Nikamwambia niko sawa, lina tundu moja tu, litaziba. Ndipo naye akakaa kwenye jiwe kando yangu, akaegemeza kichwa chake begani kwangu, na nikahisi mabega yake yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka. "Sehemu mbili," akasema. "Daktari alisema sehemu mbili." Na mimi machozi yalinitoka, sina haja ya kuficha.

Thibaud akatokeza kwenye mzunguko wa ngazi, utando wa buibui kichwani, akasimama hatua kadhaa chini yetu. Alikuwa anasubiri sehemu ya pili ya matusi.

"Kwa hiyo," nikamwambia, "mmekaa ghalani kwangu, watu wanne wazima, mkanywa afya ya mguu wangu, na mimi nimelala juu ya vichwa vyenu."

"Tulidhani umelala, baba."

"Nilikuwa macho. Na nimevunjika mguu, sikuvunjika koo."

Akatazama chini. Odile akamwambia apite akaoge, aliyekesha hospitali hakaripiwi akiwa na njaa. Alipopita kando yangu nilimshika mkono. Nikaubana kidogo, kisha nikamwachia.

Mchana Odile aliniruhusu kupiga simu. Maëlle alisikiliza yote, mtoto akilalama karibu na simu, na neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Na yangu aliyajaza?" Nikamwambia ameyajaza, akaanzia nayo. Akasema vizuri, na kwamba akirudi ana maneno na Léonce. Kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama la babu ni zima kweli. Nikamwambia ni zima. Nikamsikia anashusha pumzi.

Kabla Maëlle hajarudi nyumbani nilimwambia Thibaud achukue chaki aandike kwenye uso wa pipa lile neno moja, HAPANA, kwa herufi kubwa. Odile alisema ni aibu, tangu lini pipa la kwetu likaandikwa hivyo. Nikamwambia nyumba imepata mtu wa bia, itabidi izoee.

Waliponitoa plasta nilishuka mwenyewe. Thibaud alitangulia akirudi kinyumenyume, mikono mbele, ili nikianguka nimwangukie yeye. Nilizungusha kizibo, nikamulika. Utando ulikuwa umetanda kutoka mbao mpaka mbao, na palipokuwa na tundu sikupaona tena. Nilitafuta makusudi, nikakosa.

Nikampa tochi atazame naye. Alitazama muda mrefu kuliko mimi, akiwa ameziba pua na mdomo kwa kiganja asije akalipulizia. Kisha akaziba pipa kwa uangalifu, akanirudishia tochi, akasema sasa ndiyo ameona alichokaribia kukiua, akaomba akae kidogo. Akakaa pale pale kwenye changarawe, mgongo ukutani, kichwa mikononi. Nikamwacha akae.