Anayepinga Asimame

Dini yetu inakufa, na shangazi yangu ndiye anayeikaba koo. Tumebaki saba. Yeye husema mlango wa peponi ni mwembamba, kwa hiyo kila tukimzika mmoja, msongamano unapungua.

Sisi huabudu tumeketi. Kusimama ibadani kuna maana moja tu: unapinga. Mtu akiomba kuingia, mzee wetu, kinyozi mstaafu, huuliza mara moja tu kama kuna anayepinga. Akisimama hata mmoja, mwombaji arudi alikotoka. Na nje ya dini hatuoi wala hatuolewi. Shangazi amesimama kuwapinga wanaume wote niliowahi kuwaleta, wa mwisho eti kwa kuwa anatafuna kwa sauti.

Safari hii nilileta fundi bomba. Nampenda, niseme wazi, nampenda mpaka nakereka. Alizibua bure choo cha ukumbi wetu, ulio ghorofani juu ya duka la rangi, na masharti yetu aliyashika yote, hata lile tulilolipuuza wenyewe: ukiombwa mkono ndani ya ibada, hunyimi.

Mzee akauliza. Shangazi akashika kiti cha mbele yake, akajikakamua. Magoti yakagoma. Akajaribu tena, akarudi kitini kwa kishindo. Nilicheka moyoni, Mungu anisamehe, na asiponisamehe basi. Kinyozi akakohoa, tayari kutamka kwamba hakuna aliyepinga.

"Mwanangu, nipe mkono," shangazi akaniambia.

Nikakunja mikono, nikatazama dari. Wengine nao ghafla wakawa na shughuli: huyu kucha zake, yule viatu. Kumbe hata wao walikuwa wamemchoka.

Fundi bomba akatoka kwenye kiti cha wageni. Akampitishia mkono kwapani, akamwinua taratibu.

"Napinga," shangazi akasema, amemwegemea kifuani. "Huyu si wetu."

Akaanza kueleza kwa nini, na hakuwa na haraka: ananuka mabomba, ana macho ya dharau, ukoo wake haujulikani. Kila alipoyumba, fundi alimshika vizuri zaidi.

Nami nikasimama. Nikawaambia nawapinga wote, na hiyo pepo yao wakaijaze viti vitupu. Nikafungua mlango, nikamwambia fundi twende.

"Nakuja," akasema. "Nikimwachia ataanguka."

"Mwache aanguke."

Hakumwachia. Nilimngoja chini, mbele ya duka la rangi, nikimtukana kimoyomoyo, huku nikimsikia shangazi kule juu, bado hajamaliza kumkataa.