Mlango wa Boma la Ngollo

Agosti 1969 tawi la TANU lilitangaza kwamba kila Jumamosi wananchi wanaruhusiwa kwenda kutazama uchimbaji wa boma la Ngollo, ngome ya kale kando ya barabara ya Nzega, ambamo misafara ya pembe za ndovu ilikuwa ikilala. Kuluthumu binti Shomari, msuka mikeka wa mtaa wa Kanyenye, alikwenda Jumamosi ya kwanza. Nyumba yake ilikuwa na mlango mzito wa mninga, wenye nakshi, na marehemu baba yake alikuwa akisema babu yao aliutoa kwenye boma hilo siku lilipochomwa moto.

Mtaalamu wa Mambo ya Kale, Anselm, aliwaonyesha wageni kizingiti cha jiwe.

"Mlango wenyewe hatujui ulikwenda wapi," alisema.

"Uko kwangu," Kuluthumu akajibu. Watu wote wakageuka.

Mumewe, Yahaya, hakupendezwa. "Wakiuchukua, tutalala wazi?"

"Tutatundika gunia."

Jumamosi iliyofuata waliung'oa, wakaupakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe wa jirani, wakaupeleka bomani.

"Shikamoo, mama," alisema Anselm.

"Marahaba. Mlango wenu huu."

Wanaume wanne waliusimamisha juu ya kizingiti. Ncha yake ya chini iliingia kwenye tundu la jiwe, lakini upande wa pili ulipita alama ya mwimo kwa karibu shubiri nzima. Wakaugeuza. Hali ikawa ile ile. Anselm alichuchumaa, akapitisha kidole mgongoni mwa mbao.

"Hii mistari imelingana mno, mama. Ni ya msumeno wa mashine. Enzi za boma hili mbao zilichongwa kwa tezo."

"Yaani baba alidanganya?"

"Yeye aliambiwa nini, sijui. Mimi nasoma mbao tu."

Mtu mmoja nyuma alicheka. Kuluthumu aliona uso unamwaka, lakini hakuondoka. Aliuliza wale kina mama wenye chekeche wanatafuta nini, akaonyeshwa, akaketi nao kuchekecha udongo hadi alasiri. Alipata mkaa na kigae kimoja cha chungu. Anselm alikitia kwenye mfuko, akaandika juu yake mahali kilipotoka.

Yahaya aliurudisha mlango nyumbani siku ile ile. Novemba mvua zilianza, mashimo ya bomani yakafukiwa, wataalamu wakarudi Dar es Salaam.

Kuluthumu alipotembelewa na dada yake, Mwamvita, kutoka Nzega, alimweleza yote, pamoja na ile mistari ya msumeno. Mwamvita alilia.

"Nani alikutuma kwenda kuuliza?"

"Hakuna. Nilitaka kujua."

"Na sasa umejua, umepata nini?"

Kuluthumu aliinuka. Alikwenda uani kutazama kama maji ya chai yamechemka.