Alichompa Mwalimu Mpya

Mtangazaji alimsogezea kipaza sauti hadi kikakaribia kumgusa midomo. "Mazengo, mechi tano, mabao manne, na leo umechaguliwa mchezaji bora kwa mara nyingine. Mwezi wa pili mashabiki hawa hawa walikuwa wanakuzomea. Mwalimu mpya amekupa nini?"

Jasho lilikuwa likimwingia machoni. Kule jukwaani mashabiki wa Nyati walikuwa wakiimba jina lake, wengine wamevua fulana wanazizungusha hewani. Alijua jibu linalotakiwa, akalitoa.

"Ametupa kujiamini."

Mtangazaji akaridhika. Maneno hayo yakarushwa redioni, yakaingia kwenye vibanda vya mtaa wa Majengo na saluni za Chang'ombe, yakaingia pia katika sebule moja ya Kizota, alikokuwa amekaa mtu ambaye Mazengo angetoa chochote asiyasikie.

Mtu huyo ni Mwalimu Abdulwahab, aliyekuwa kocha wa Nyati hadi mwanzoni mwa mwezi wa tatu. Miaka sita kabla alikwenda Bahi kununua mchele, akamkuta kijana anacheza pekupeku kwenye majaruba ya mpunga yaliyokauka. Udongo ulikuwa umepasuka vipande vipande, mpira ukigonga kingo na kuruka ovyo, lakini kila uliporukia, kijana yule alikuwa ameshafika. Abdulwahab alisahau mchele. Akaenda kumwomba baba mtu, akamchukua kijana, akampa chumba nyumbani kwake na shule ya kumalizia kidato cha nne. Mwalimu alikuwa Mrangi wa Kondoa, mtu wa swala tano. Lakini kila Jumapili ni mkewe, Mwanne, aliyekuwa akigonga mlango wa Mazengo ili asichelewe kanisani.

Mambo yaliharibika kwa sentensi moja. Mwaka uliopita alikuja wakala kutoka Dar es Salaam, akakaa sebuleni, akasema kuna timu kubwa inamtaka winga huyu. Abdulwahab akamjibu huku Mazengo mwenyewe amekaa pale pale, "Bado hajaiva. Mwacheni miaka miwili." Hakumgeukia kumuuliza. Wakala akamaliza chai yake, akaaga. Wiki hiyo hiyo Mazengo alihamia chumba cha kupanga Nkuhungu, na Mwanne alipomuuliza amekosewa nini, alisema amekua tu, mama.

Kwa hiyo nahodha Msafiri alipowakusanya wachezaji wanne wakongwe pamoja na Mazengo baada ya mazoezi, alimkuta kijana ameshachacha moyoni.

"Mzee ametuchosha," Msafiri alisema. "Kila siku kupanda mlima alfajiri, simu marufuku mezani, kama watoto wa bweni. Hatufanyi ubaya wowote. Tunapunguza kasi kidogo tu, uongozi utaona wenyewe."

Mazengo hakusema ndiyo. Alinyamaza, akafunga begi lake, na ukimya wake ukachukuliwa kuwa ni kura.

Hakuwahi kupoteza pasi kwa makusudi. Hakujiangusha, hakupiga nje. Alifika tu akiwa amechelewa hatua moja. Mpira wa kona uliohitaji aruke mapema, aliruka nao sambamba. Beki aliyestahili kuachwa nyuma, alimwacha aende naye bega kwa bega. Ni kitu kidogo mno, hakuna mwamuzi wala kamera ya kukikamata, na baada ya mechi sita Nyati walikuwa wa pili kutoka mkiani. Mashabiki walipoanza kumzomea winga wao, Abdulwahab alisimama mbele ya waandishi akasema, "Kijana amechoka. Anayetaka kumlaumu mtu, anilaumu mimi."

Wakamlaumu. Uongozi ulimwondoa siku ya Jumatatu, kwa barua ya aya mbili.

Siku tisa baadaye, chini ya mwalimu mpya aliyeitwa Thomas, Nyati walishinda mabao matatu kwa sifuri. Dakika za mwanzo za mechi ile Mazengo alihisi furaha tupu, kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba. Miguu ilikwenda yenyewe. Lakini alipofunga bao na kugeuka kushangilia, akaishusha mikono. Alielewa kwamba kila mbio anayokimbia sasa inasema waziwazi kile alichokificha mwezi wa pili. Akicheza vizuri, anajishtaki. Akicheza vibaya, anarudia kosa. Alitafuta mlango wa tatu, mechi baada ya mechi, hakuuona. Na kadiri alivyotafuta ndivyo alivyofunga, ndivyo walivyomshangilia, na jioni alirudi Nkuhungu akakaa kitandani na viatu miguuni.

Asubuhi iliyofuata mahojiano yale, Thomas alimwita ofisini. Alikuwa mtu mfupi, mpole, asiyepandisha sauti. Aligeuza kompyuta ili Mazengo aone. Upande mmoja wa kioo palikuwa na mechi ya mwezi wa pili, upande wa pili mechi ya jana. Mpira ule ule mrefu kwenye kona ile ile. Mazengo mmoja akichelewa, mwingine akiwahi.

"Redioni umesema nimekupa kujiamini," Thomas alisema. "Mimi sijakupa kitu. Mtu hajifunzi kukimbia kwa siku tisa."

Thomas akasimamisha picha.

"Sitamwambia mtu yeyote, na sifa nitazipokea, maana nina familia na nataka kazi. Ila nijue jambo moja. Siku mkinichoka mimi, utanifanyia hivi hivi?"

"Hapana, mwalimu."

"Naye yule mzee ungemjibu hivyo hivyo," Thomas akasema, akafunga kompyuta.

Wiki ile Thomas alimweka Msafiri benchi. Alhamisi, Msafiri alimsubiri Mazengo getini, akamshika bega kama ndugu.

"Jumamosi tunapunguza, mdogo wangu. Huyu naye ameanza dharau."

"Mimi simo, kaka."

"Ulikuwamo." Mkono haukuondoka begani. "Mzee Abdulwahab bado anadhani ulichoka. Unataka nani amweleze, wewe au mimi?"

Mazengo hakulala sawasawa siku ile. Ijumaa, watu walipotoka msikitini, alikuwa amesimama nje ya nyumba ya Kizota, ameshika kikapu cha machungwa alichokinunua njiani kwa kutojua la kufanya na mikono. Mwanne ndiye aliyemfungulia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umepotea!" Akapokea kikapu, akamtazama usoni. "Baba yako yuko uani."

Abdulwahab alikuwa ameketi kwenye mkeka, kofia yake ya Ijumaa bado kichwani, akimenya karanga kwenye sinia. Alikuwa amepungua mwili. Mazengo alisalimia, akakaa, na bila kutangulizwa na neno lolote akaanza. Alisema juu ya Msafiri, juu ya begi alilolifunga akanyamaza, juu ya hatua moja. Akamalizia na wakala wa Dar es Salaam. Mwalimu aliendelea kumenya.

"Nilijua tangu mechi ya pili," hatimaye alisema. "Miguu hiyo nimeilea mimi. Sasa nisiijue?"

Mazengo alimgeukia. "Kwa nini hukuniweka benchi?"

"Nilikuwa nakusubiri."

Kuku alipita kati yao, akadonoa ganda, akaenda zake. Mazengo alingoja. Alitaka atukanwe; alikuwa amejiandaa kwa matusi tangu getini. Au aambiwe yamekwisha. Lolote kati ya hayo lingekuwa mahali pa kutokea. Mzee hakumpa hata moja.

"Kuhusu yule wakala," Abdulwahab alisema, "nilipaswa kukuuliza wewe. Hilo ni langu." Akapuliza maganda kwenye sinia. "Kesho mnacheza saa ngapi?"

"Saa kumi."

"Nikae upande gani?"

"Kipindi cha kwanza nitakuwa mbali na jukwaa. Cha pili nitapita mbele yako."

"Nitakuja tangu cha kwanza."

Alikuja. Mazengo alimwona wakati timu zikipeana mikono, safu ya tano, peke yake, mikono juu ya magoti. Msafiri alikuwa benchi. Mazengo alipopita mbele yake hakugeuka. Wakongwe wawili wa kundi la Msafiri walicheza wakiburuta miguu, kila mtu mwenye macho angeweza kuwaona, na kipindi cha kwanza kikaisha kwa bao la wageni. Thomas hakufoka. Alimtazama Mazengo tu, kwa muda mrefu, kisha akanywa maji.

Kipindi cha pili Mazengo alikimbia kama hajawahi kukimbia. Hakujibakizia kitu. Alimpita beki mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, chini kabisa ya safu ya tano, karibu kiasi kwamba angesikia kama mzee angekohoa. Alifika kwenye mpira ambao wote waliuhesabu umetoka, akakata ndani, akapiga. Wavu ukatikisika.

Wenzake walimrukia. Mmoja, wawili, wanane. Alianguka chini yao, uso kwenye majani, uzito wa watu ukimkandamiza kifua, kila mmoja akipiga kelele sikioni mwake. Alijaribu kujinasua. Walidhani anacheza, wakamkumbatia zaidi.

Alipofaulu kuinuka alitazama jukwaani. Watu wote walikuwa wamesimama wakirukaruka. Katikati yao, mtu mmoja alikuwa akishuka ngazi taratibu, ameshika chuma cha pembeni, akiomba njia. Waliokuwa wakishangilia walimpisha bila kumtazama. Alifika chini, akarekebisha kofia, akatoka nje kwa lango la mashariki. Hakugeuka; kama amesamehe au ameachana naye, Mazengo hakuambiwa.

"Mazengo! Nafasi yako!" Thomas aliita.

Ilikuwa dakika ya sitini na nane. Alirudi kwenye mstari wa chaki. Beki wa wageni alisimama kando yake akihema, akamwambia kwa nia njema, "Leo umeamka vibaya, kaka, hushikiki." Mwamuzi akapuliza filimbi. Mpira ulizunguka katikati, ukapotea, ukapatikana, kisha mtu akaupiga mrefu kuja upande wa kushoto, na Mazengo akaufuata.