Barua za Elihu Mize

Kaka yangu Cleopas aliishi na marehemu kwa miaka miwili. Ndivyo nilivyokuwa nikimtania. Marehemu mwenyewe ni Elihu Mize, Mmarekani wa Pennsylvania, mwenye tanuru za chuma na mbunge, aliyekufa mwaka 1866. Cleopas alikuwa akiandika tasnifu juu yake katika chuo kikuu hapa Birmingham, Uingereza, na hotuba yake ya mwaka 1848 ya kupinga utumwa aliijua kwa moyo. Nikirudi nyumbani kwetu mtaa wa Lozells kutoka zamu yangu ya uuguzi hospitalini, nilikuwa nikimkuta akiihutubia sufuria ya ugali.

Mwaka 1971 akampata kitukuu wa Mize, bibi wa miaka themanini huko Sutton Coldfield. Bi Mize alimwazima sanduku la bati lenye nakala za barua za mzee huyo. Hakuna mtu katika ukoo aliyewahi kuzisoma.

Jumamosi moja asubuhi nilisikia kiti kikianguka. Nilimkuta Cleopas amesimama, karatasi mkononi.

"Dada Peninah, hebu soma hapa. Labda mwandiko umenichanganya."

Haukuwa umemchanganya. Mize alikuwa akimwandikia meneja wa tanuru yake ya Virginia: "Ned akikamatwa na kurudishwa, mfungieni kola ya chuma shingoni, asiivue hata usingizini. Wale kumi na mmoja wengine wasimame watazame."

Tarehe ilikuwa siku mbili baada ya hotuba.

"Alikuwa na watumwa?" niliuliza. "Huyu huyu?"

Cleopas alikiinua kiti, akaketi, akaisoma tena barua tangu mwanzo.

Msimamizi wake chuoni alimshauri aiweke barua hiyo chini ya ukurasa, kwa herufi ndogo, asije akaharibu kazi nzuri. Cleopas akakataa. Siku ya pili alimpigia simu Bi Mize kuhusu barua hiyo, tukapanda treni kwenda kwake.

"Nisomee," Bi Mize alisema, kabla hata hatujavua makoti.

Cleopas alisoma. Bi Mize aliweka mkono kooni, na rangi yote ikamtoka usoni. Nilikaribia kumpima mapigo ya moyo.

"Nililelewa kumshukuru Mungu kwa ajili yake kila Jumapili," alisema. Kisha: "Na Ned? Walimkamata?"

"Sijui, Bi Mize. Nimesoma nusu tu."

"Basi lete nusu nyingine. Tutasoma hapa hapa, kwa sauti."

Walisoma kila Jumamosi mpaka baridi ikaisha. Ned alikamatwa. Alikufa Machi 1849, kola ikiwa bado shingoni, na Mize akaandika mistari miwili tu kuhusu kifo hicho, wa pili ukilalamika kwamba kazi imechelewa. Siku hiyo Bi Mize alitoka nje akakaa peke yake bustanini kwenye mvua, nami nikaenda kumrudisha ndani.

Cleopas aliitupa tasnifu ya kwanza akaanza upya. Alihitimu kwa kuchelewa mwaka mzima. Katika ukurasa wa mbele aliandika majina tisa kati ya kumi na mawili ya watumwa wa tanuru ile. Ya watatu waliobaki, yeye na Bi Mize hawakuyapata.