Maji ya Ukaguzi

Koplo aliinua mguu wa kushoto kabla hajaambiwa. Ndivyo alivyofundishwa tangu mtoto: ukisikia harufu ya sabuni, toa mguu. Wabwire akausugua mpaka katikati ya vidole, kisha akagonga beseni, na mbwa akatoa wa kulia. Ilikuwa Jumamosi ya kukaguliwa. Mzee huyu aliyelinda geti Jinja alikuwa ameumaliza ujana wake katika kambi ya jeshi kule Mbale, na hakujua namna nyingine ya kujiandaa kwa ukaguzi ila maji na sabuni.

Mkaguzi alikuwa Nilesh, mwenye nyumba. Mtoto wake mchanga alijaa mapele ya viroboto, na mkewe Mital alikuwa hapati usingizi. Nilesh alisema Jumamosi atamtazama mbwa mwenyewe. Akiona kiroboto hata mmoja, ataita daktari wa wanyama aje na sindano ya kumuua. Wabwire alimpigia simu dada yake Margret, kule Busiu, amwombee Koplo hifadhi. Margret alicheka kwanza, kisha akauliza tangu lini mbwa anapelekwa kwa watu kama mgeni, na kuku wake je? Basi hifadhi ikakosekana. Na tangu Wabwire afiwe na mke, hakuna kiumbe mwingine aliyemngoja aamke ila Koplo.

Dawa ya viroboto alikuwa ameitia jana yake, matone kati ya mabega. Jaliah, muuza dawa za mifugo, alimwonya akiwa bado dukani. "Afande, dawa hii inatembea na mafuta ya ngozi. Leo, kesho na kesho kutwa, maji marufuku. Ukimwogesha, umeimwaga."

Msiseme alisahau. Hakusahau, na hapo ndipo uchungu ulipo. Ila asubuhi alimkuta Koplo manyoya yamegandamana, ananata kama mtungi wa samli, na maisha yake yote hajaona askari akisimama mbele ya mkubwa katika hali hiyo. Akajiambia dawa imelala mwilini usiku kucha, imeshaingia. Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja.

Nilesh alifunuafunua manyoya, hakuona kitu, akasema vizuri, mzee. Wabwire akampigia saluti bwana huyo, muuza mabati asiyewahi kushika hata bunduki ya mbao. Siku hiyo alifurahi mpaka akampa mbwa nusu ya nyama yake.

Viroboto wapya walipoanguliwa katika nyufa za baraza, walimkuta mbwa msafi, asiye na dawa. Mapele yakarudi, safari hii mpaka kwenye kope za mtoto. Nilesh alikuja getini, amechoka.

"Mzee, uliniambia umetia dawa."

"Nilitia, bwana."

"Sasa?"

Wabwire aliitazama mikono yake. "Mimi niliogesha yeye. Nilitaka wewe ukute yeye safi."

Nilesh hakuwa mtu mbaya. Wabwire aliomba atie dawa tena, mara moja tu, na safari hii hatamgusisha hata tone la maji. Nilesh akajibu kwamba Mital amekwenda na mtoto kwa mama yake, na hatarudi mbwa akiwa pale. Daktari alishaitwa.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alinawa kwanza kwenye bomba la uani, kwa sabuni ileile ya kipande, akaja akachuchumaa. Koplo alinusa mikono ile, akatikisa mkia kidogo, akainua mguu wa kushoto.

"Huyu amefunzwa," daktari alisema, akiutafuta mshipa.

Wabwire aliushika mguu usitikisike.

Walipomwacha peke yake alikaa sakafuni, kichwa cha mbwa mapajani. Geti lilikuwa wazi na hakwenda kulifunga. Mwili ulipoanza kupoa, viroboto walitoka manyoyani, wakavuka juu ya suruali yake, wakapanda magotini. Hakuwapangusa.